Kaye ya Sentensi Hai

Nitaanza na ubao, kwa sababu watu wa mtaa wetu wa Waswahili, Rumonge, kando ya ziwa kusini mwa Bujumbura, waliuona ubao kabla hawajamjua mwalimu mwenyewe. Ulikuwa ubavu wa mtumbwi mbovu. Aliupiga randa, akaupaka ungaunga mweusi wa ndani ya betri za tochi, akauegemeza ukutani katika ghala lililokuwa la mawese. Chaki haikupatikana. Aliandika kwa vipande vya muhogo mkavu, na mwanafunzi akikosea, mwalimu alikitafuna kile kipande mbele yake, polepole, bila kusema neno, mpaka mtu atamani kupigwa. Wanafunzi walikaa juu ya madebe yaliyopinduliwa. Sakafu ilikuwa imekunywa mafuta miaka mingi na iliteleza, hivyo kila aliyeitwa ubaoni alikwenda kwa hatua za mtu anayeogopa kuanguka. Yeye alipenda hivyo. Sakafu hakuisugua hata siku moja.

Tulimwita Mwalimu wa Kiingereza. Alikuwa na jina na ninalijua. Sitalitaja. Yeye alitaja majina ya watu vya kutosha.

Nyumba yetu ilipakana na ghala, na ukuta kati yetu ulikuwa wa matete. Kwa miaka kumi, tangu juma la Uhuru hadi mwaka wa sabini na mbili, nilikaa upande wangu baada ya sala ya alasiri nikitoa mchanga kwenye ndagala, dagaa wa ziwa letu, na kwa matete yale nikasikia karibu kila somo. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa niliyasikia mwenyewe, isipokuwa pale nitakaposema niliambiwa.

Kwa nini Kiingereza, katika mji ambao ofisi, shule na muhuri vyote vilikuwa vya Kifaransa? Nilimsikia akilijibu swali hilo juma lile bendera ilipobadilishwa. "Mbelgiji anapakia vitanda vyake," alisema. "Atapakia na lugha yake. Sisi tutafanya biashara na ng'ambo, na ng'ambo wanasema Kiingereza." Vijana wa ghala la chumvi, wavuvi wawili, fundi baiskeli, wote wakaandika majina. Vitanda viliondoka, Kifaransa kikabaki. Miaka ikapita na karani akaendelea kuandika kwa Kifaransa. Mtu alipomtania, alijibu bila kucheka: "Kiko gatini bado. Kinangoja meli." Na hakuna aliyewahi kumsikia akitamka neno la Kifaransa. Tuliamini hakijui.

Njia yake ya kufundisha ilikuwa moja. Hakutoa maana. Aliandika neno la Kiingereza, chini yake akaandika sentensi tatu au nne zenye neno hilo, akakaa. Mwanafunzi alipaswa kuiona maana mwenyewe, kama mtu anayemtambua jirani kwa mwendo wake kabla ya kuuona uso. Kamusi aliichukia. Alisema kamusi ni makaburi yaliyopangwa vizuri: kila neno limelala peke yake na jiwe juu.

Na sentensi zenyewe, hapo ndipo ulipokuwa ukatili wake. Sentensi kwake ilikuwa hai au ilikuwa imekufa. Iliyo hai ilikuwa na mtu mwenye jina, mahali panapojulikana, na jambo ambalo mtu yule asingependa lisemwe. Juma lile la Uhuru, neno la kwanza aliloandika ubaoni lilikuwa "independent". Watu walikuwa bado na vijibendera vya karatasi mikononi. Mlangoni alisimama jirani yetu Mama Zaina, ambaye mumewe alizama ziwani upande wa Gitaza, amekuja kuona wanaume wazima wakisoma. Mwalimu alimtazama, akaandika, kisha akaisoma kwa Kiswahili ili na yeye apate: tangu mumewe alipozama, Mama Zaina yuko huru, hakuna anayemwuliza amekula nini.

Wanafunzi walicheka. Mama Zaina naye alicheka, kwa kuwa kila mtu alikuwa akicheka. Baadaye nilimkuta nyuma ya nyumba yake, amekaa, kibendera kimekunjwa mkononi.

"Amenitukana, sivyo?" aliniuliza.

"Ni somo tu, mama."

"Basi wamelielewa haraka."

Walilielewa kweli. Hilo ndilo lililoniudhi. Hamisi mvuvi, ambaye kichwa hakikushika hata jina la mwezi, miaka mingi baadaye aliweza kukwambia maana ya neno lile, kwa kuwa alimkumbuka Mama Zaina mlangoni. Mwalimu alisema mtu hasahau neno lililomwuma mtu mwingine.

Mtu aliyemjua kwa mambo haya tu angesema alikuwa mwovu, na nisingeweza kuandika hivyo nikawa mkweli. Hakumpiga mwanafunzi kamwe. Siku ya Idi alitoka mjini kabla mbuzi hawajachinjwa, akaenda kutembea njia ya Muhuta mpaka kazi iishe. Mama Zaina aliposhikwa na homa kali, ni yeye aliyempakia kwenye baiskeli na kuisukuma hadi zahanati, kwenye jua, maana hakuna mwanaume mwingine aliyejitolea. Kesho yake neno la ubaoni lilikuwa "heavy", zito, na sote tulijua nani alikuwa ndani ya sentensi.

Zilizo bora alizihifadhi. Alikuwa na kaye, daftari kubwa lenye jalada gumu, alimoandika sentensi hai peke yake, zake na za wanafunzi, kila moja na jina la aliyeitunga. Kuingia mle kulikuwa heshima kuliko cheti. Wanafunzi walitungiana: wivu, ulevi, ndoa zilizoharibika, nani alikuwa akienda kwa nani. Nyingi hazikuwa kweli. Hakujali. Aliwaambia wanaolalamika: "Sikuuliza kama ilitokea. Nimeuliza kama naiona." Miaka kumi ya mtaa wetu ilikuwa mle, kwa wino mweusi, na alama ya vema kwa wino mwekundu.

Kaka yangu Saidi ndiye aliyeniingiza darasani. Alikuwa fundi wa mitumbwi, mkubwa kwangu kwa miaka saba, hajui kusoma. Mwanzoni mwa mwaka wa sabini na mbili alikwenda akasimama mlangoni mwa ghala, nami nikasikia kwa matete.

"Mwalimu, dada yangu amesoma miaka kumi nyuma ya ukuta. Umupe debe akae."

"Wanawake wananuka ndagala."

"Na wewe unanuka muhogo, Mwalimu. Tumevumilia."

Nikamsikia Mwalimu akicheka, mara ya kwanza na ya mwisho kwa mzaha wa mtu mwingine. Kesho yake nilikaa juu ya debe.

Miezi mitatu hakuna sentensi yangu iliyoingia kwenye kaye. Niliyajua maneno mengi kuliko Hamisi, lakini sikutaka kumtaja mtu. Niliandika juu ya mvua, juu ya mawimbi, juu ya paka. Alizisoma kwa sauti nzito ya kutangaza msiba, akasema, "Innalillahi," darasa likaanguka kwa kicheko.

Katikati ya Aprili aliandika "hide". Chini yake akaandika sentensi zake: Hamisi anaficha upara wake kwa kofia. Mama Zaina huficha sukari wageni wakibisha. Wingu limeficha milima ya Kongo.

"Ni kufunika," alisema Hamisi, mkono umeshika kofia.

"Chungu unakifunika. Kofia yako inafunika nini?"

"Jua, Mwalimu."

"Jua, na ndani ya nyumba?"

Hamisi akaivuta kofia mpaka masikioni. Mwalimu akatugeukia. "Angalieni jinsi neno linavyotumika. Lazima awepo anayetafuta. Ukiweka kitu na hakuna anayekitafuta, umekiweka tu, hukukificha. Sentensi isiyo na anayetafuta, msiniletee."

Akaniita. Nilikuwa nimeandika kwamba kuku anaficha yai.

"Kuku wa nani?" aliuliza.

"Kuku tu, Mwalimu."

"Yai la nani? Nani analitafuta?" Akang'ata muhogo, akatafuna. "Kaka yako alisimama pale mlangoni akakuombea debe, akijua una kichwa. Kumbe una kuku. Rudi ukae. Au rudi nyuma ya ukuta, kule ulikuwa na akili zaidi."

Walicheka mpaka debe moja likapinduka. Nilikaa nikishika penseli, na machozi nilikataa. Nikatazama nje. Kwenye mchanga, mtumbwi mpya wa Saidi ulikuwa umepinduliwa juu chini, na wafanyakazi wake wanne walikuwa wamejilaza chini yake kivulini, kama kila siku baada ya kula. Kwa nje uliona nyayo zao tu. Asubuhi ile gari la askari lilikuwa limepita barabarani kuelekea Nyanza-Lac. Nikaandika, kwa Kiingereza, kwamba Saidi anawaficha watu wanne chini ya mtumbwi mpya, askari wasiwaone.

Jina, mahali, anayetafuta. Mwalimu aliisoma kimya mara mbili. Alichukua kaye, akainakili kwa mkono wake, akaandika jina langu, Hadija, mbele yake, akapiga vema nyekundu.

Jioni nilimwambia Saidi kwamba nimeingia kwenye kaye na yeye yumo pamoja nami.

"Miye? Kwa Kiingereza?"

"Ndiyo, yaya," nilisema, maana ndivyo kwetu tunavyomwita ndugu mkubwa.

"Inasema nini?"

Niliona haya kumwambia. Nilisema inasema juu ya mtumbwi wake mpya, kwamba ni mzuri. Kesho yake alizunguka ufukwe mzima. "Niko ndani ya kaye ya Mwalimu!" aliwaambia wanaoanika ndagala. "Mtumbwi wangu unasomwa na Waingereza!" Mpaka watoto wakaanza kumwita Mwingereza.

Mwisho wa mwezi ule waasi wenye mapanga waliingia mjini wakaua. Siku chache baadaye wanajeshi walifika kutoka Bujumbura kuwasaka waasi na waliowaficha, nao wakaua, kwa muda mrefu zaidi, na kwa majina yaliyoandikwa. Wafanyakazi wanne wa Saidi walikimbilia ng'ambo katika mtumbwi wa kwanza walioupata. Saidi alikataa kuondoka. Alisema mtu aliyekuwa kazini hana la kueleza.

Asubuhi moja walitukusanya mbele ya ghala, wanaume wameketi mchangani, wanawake tumesimama ukutani. Afisa alikaa juu ya debe la mwanafunzi. Askari walitoka ndani na ile kaye. Afisa aliifungua, akaona mistari na majina, ukurasa baada ya ukurasa, katika lugha ya ng'ambo. Na siku zile ilisemwa kwamba mabaya yote yalitoka ng'ambo.

"Hii iko nini?"

Mwalimu alisukumwa mbele. "Iko kaye ya mazoezi, shefu."

"Mazoezi gani? Soma."

Akasoma kwa Kiingereza. Kisha, ili afisa aelewe, akatafsiri kwa Kifaransa. Kifaransa kizuri, kilichonyooka, cha mtu aliyekula nacho tangu utotoni. Tulitazamana. Miaka kumi kilikuwa gatini, kumbe kilikuwa mdomoni mwake.

Alianza na ya Mama Zaina. Askari mmoja akacheka. Mwalimu akatua kidogo, vilevile kama darasani, kisha akaendelea. Akafika kwenye upara wa Hamisi, akamwonyesha kwa kidole. Askari akaivua kofia ya Hamisi kwa mdomo wa bunduki, wakacheka wote, na afisa naye. Hamisi alijua wanacheka nini, na bado alijaribu kutabasamu. Nilikaa nyuma ya ukuta wa matete miaka kumi, naijua sauti ya Mwalimu akichekewa. Inapanda, inafanya haraka, haitazami inakokanyaga. Alifunua ukurasa wa mwisho, ukurasa wa sentensi hai kuliko zote, akaisoma.

Niliisikia kwa Kiingereza kwanza. Halafu kwa Kifaransa. Afisa akaacha kucheka.

"Saidi iko wapi?" aliuliza kwa Kiswahili.

Kaka yangu aliinua mkono. Hakuwa ameelewa neno moja la yote yaliyosomwa, ila jina lake, kutoka kwenye kaye aliyojivunia ufukwe mzima. Uso wake ulikuwa na tabasamu la mtu anayeitwa kupewa zawadi.

"Ni miye, shefu. Fundi wa mutumbwi."

Ndipo nilipopiga kelele. "Shefu, ni uongo! Ni miye niliandika! Ni somo, ni mufano tu, nilitunga!"

Afisa alimgeukia Mwalimu. "Huyu mama anasema ni uongo. Weye mwalimu wake, unasemaje?"

Nataka kuandika hili kwa utaratibu, maana nimelirudia mara nyingi. Alikuwa na nafasi. Aliitazama kaye. Alinitazama mimi. Midomo yake ilitafuna, ingawa hakuwa na muhogo. Alihitaji kusema tu kwamba mwanafunzi alitunga, na kwamba yeye ndiye anayewataka watunge. Lakini hapo angeulizwa kwa nini anawafundisha watu kuandika juu ya kuficha.

"Miye natoa neno tu, shefu," alisema. "Sentensi wanaleta wenyewe."

Walikwenda wakaupindua mtumbwi. Chini yake walikuta mkeka na sahani nne za bati, zimeoshwa, zimepangwa. Watu wanne hawakuwepo. Kwa afisa ilitosha.

Saidi alipopitishwa mbele yangu mikono imefungwa, tabasamu lilikuwa halijamtoka lote.

"Dada," aliniuliza, "uliandika nini?"

Askari alimsukuma kabla sijajibu. Alipandishwa kwenye lori pamoja na wengine, wakaenda. Hakuna aliyerudi kati ya waliopanda lori lile. Mwalimu aliachwa. Afisa alimrudishia kaye na kumpongeza kwa Kifaransa chake. Hilo niliambiwa na Mama Zaina, maana mimi nilikuwa nimeanguka. Mama Zaina aliniinua, akanipeleka kwake, akanikorogea chai yenye sukari nyingi. Kumbe kweli alikuwa nayo.

Nilivuka ziwa mwaka uleule. Kigoma nilitoa mchanga kwenye ndagala za watu wengine, na kila aliyefika kutoka Rumonge nilimwuliza habari za mwalimu wa Kiingereza. Mmoja alisema amekufa. Mwingine alisema yuko Bujumbura, anafundisha watoto wa wakubwa. Niliacha kuuliza, kisha nikaanza tena. Miaka mingi baadaye, nywele zangu zimeanza kuwa nyeupe, mwanamke mmoja mkimbizi aliyekuwa akingoja kupelekwa nchi ya mbali aliniambia anasoma Kiingereza palepale Kigoma, juu ya kituo cha treni, kwa mzee asiyetoa maana, anatoa sentensi tu.

Nilikwenda mchana. Chumba kilikuwa kisafi, sakafu ya saruji imesuguliwa. Wanafunzi kumi hivi, watu wazima, walikaa kwenye mabenchi. Yeye alisimama mbele, amekonda, macho yamefunikwa na mtoto wa jicho. Aliandika kwa kupapasa ukingo wa ubao kwa mkono wa kushoto, herufi zikipanda na kushuka. Nilikaa nyuma. Alimaliza neno alilokuwa nalo, akauliza kama kuna swali.

"Mwalimu," nilisema, "tupe sentensi ya 'hide'."

Mkono wake ulisimama. Sijui kama aliijua sauti; ilikuwa imezeeka. Alipapasa ukingo, akaandika, kisha akaisoma, na darasa likaitikia kwa pamoja: kuku anaficha yai.

"Kuku wa nani, Mwalimu?" niliuliza.

"Kuku tu, mama."

"Nani analitafuta hilo yai?"

"Hakuna mtu humo," alisema. "Siku hizi nafundisha zilizokufa tu."

Labda alitaka nimwonee huruma. Labda ilikuwa toba, na mtu mwingine angeipokea akaenda zake. Mimi niliinuka, nikapita kati ya mabenchi, nikaichukua chaki mkononi mwake. Vidole havikupinga. Chini ya kuku wake niliandika sentensi yangu, ya pili niliyowahi kutunga yenye mtu ndani. Wanafunzi, waliozoea kusoma kila kinachoandikwa ubaoni, waliisoma kwa sauti moja: Mwalimu anajificha Kigoma, Hadija asimwone.

Jina, mahali, anayetafuta. Aliisikia yote. Hakuuliza Hadija ni nani. Alinyoosha mkono akaukuta ubao, akaanza kufuta kwa mkono wa shati, haraka, kwa nguvu, huku na huku. Alifuta kuku, akafuta yai. Hakuona kwamba yangu ilikuwa chini zaidi, haijaguswa.

Hakuna aliyemwambia. Wanafunzi walikuwa wameinama, wanainakili.